Indiketa ya kulia, karibu na Kitogani

Kisa hiki nimekiandika kwa ruhusa ya wote watatu: mama wa Kijerumani aliyeshika usukani, mzee aliyegongwa, na dereva wa kenta. Majina nimeyaacha. Mimi ni mwalimu wa udereva hapa Unguja, na kilichonifanya nikae niandike ni kwamba kila nikikisimulia barazani watu hukifunga kwa maneno matatu, "wageni hawajui kuendesha", kisha mazungumzo yanahamia kwenye mpira. Mama huyu anajua kuendesha. Nilikaa naye garini kabla ya ajali na baada yake, na nasema bila kusita kwamba anaendesha vizuri kuliko wengi niliowapeleka kwenye mtihani. Ndiyo maana kisa chake kimenisumbua.

Ilikuwa Ramadhani, kumi la kati, saa kumi na mbili kasorobo jioni. Aliyewahi kukaa Unguja anaijua saa hiyo. Darajani watu wanamalizia kununua tende na mikate ya ufuta, gari za shamba zinapakia abiria wa mwisho, na kila mwenye chombo anataka adhana imkute nyumbani, uji uko mbele yake. Mama alitoka mjini na Suzuki Escudo yake kurudi Jambiani, anakopanga. Yeye haraka yake haikuwa ya futari, ilikuwa ya giza. Tangu afike, kila mtu alimwambia asiendeshe usiku njia za shamba, kwa sababu ya ng'ombe, baiskeli zisizo na taa na watu wanaotembea ukingoni mwa lami. Ushauri huo ni wa kweli na hata mimi nilimpa. Sikufikiria kwamba ungemfanya akimbizane na jua.

Pale Jozani alifikia matuta. Matuta yale yaliwekwa kwa ajili ya kima punju, waliokuwa wakisagwa na magari wakivuka kutoka msitu kwenda mashambani, na kila chombo kinapunguza mwendo hapo hata kama dereva wake hana habari na kima. Ndipo alipoikuta kenta imebeba matofali, utingo kakaa juu ya mzigo. Wakatoka kwenye matuta pamoja, kenta mbele, Escudo nyuma. Kenta ile ilikuwa ndefu kuliko yeye kwa kila hali: hakuona kilicho mbele yake, aliona bodi, utingo, na taa mbili zilizojaa vumbi. Jua lilikuwa linazama nyuma yao upande wa mjini na kuzipiga taa zile moja kwa moja, hivi kwamba ilibidi uzikazie macho kujua ipi imewaka.

Wakaenda hivyo mpaka karibu na Kitogani. Kenta ikapunguza mwendo kidogo. Ikawasha indiketa ya kulia. Ikasogea kulia mpaka matairi yake yakakaribia kukanyaga katikati ya barabara. Utingo akageuka nyuma, akanyoosha mkono, kiganja kimeelekea chini, akaupandisha na kuushusha mara tatu nne.

Msomaji wa Unguja ameshaelewa. Mbele ya kenta, upande wa kushoto, kulikuwa na kitu cha kukwepwa. Upande wa pili kulikuwa na gari inakuja. Dereva alikuwa anamwambia aliye nyuma yake: usipite. Na utingo alikuwa anasema kwa mkono: taratibu, subiri.

Mama alielewa hivi: gari hii inakata kulia. Anajua kwamba mbele ya Kitogani pana njia panda, kushoto unakwenda Paje na Jambiani, kulia unateremka Muyuni, Kizimkazi na Makunduchi. Gari imepunguza, imewasha taa ya kulia, imejipanga kulia, na njia ya kulia ipo. Utingo naye anapunga mkono, basi ananiruhusu. Akashika kushoto, akakanyaga mafuta, akapita.

Kitu cha kukwepwa kilikuwa mzee juu ya baiskeli, anarudi nyumbani na majani ya ng'ombe wake. Robota la majani lilikuwa limelala nyuma ya baiskeli, limetokeza huku na huku, kiasi cha kuifanya baiskeli iwe na upana wa gari dogo. Kioo cha pembeni cha Escudo kilinasa robota. Baiskeli ikazunguka, mzee akaangukia bega. Mtulinga ulivunjika, na mkono ukachunika kutoka kiwiko hadi kiganja. Namshukuru Mungu kwamba aliangukia majani na si lami, na kwamba kenta ilikuwa imeshasimama.

Nilipokwenda kuonana na mama kesho yake, jambo la kwanza aliloniuliza halikuwa bima wala polisi. Alichukua karatasi, akachora barabara, kenta na njia panda, akaniuliza: "Mwalimu, nilivunja sheria gani?"

Swali lile lilikuwa la haki. Kwao Ujerumani huwezi kupata leseni ya gari dogo bila kukaa darasani masomo 14 ya nadharia, kila somo dakika 90, ukaendesha barabara kuu na usiku pamoja na mwalimu, na ukasomea huduma ya kwanza. Na katika kanuni zao za barabarani, kifungu cha 5, mna sharti linalosema kwamba dereva aliyetangaza kukata kushoto na akajipanga kushoto, wa nyuma apite kulia kwake. Kwao wanaendesha kulia. Ukikileta kifungu hicho kwetu tunaoendesha kushoto, unakigeuza kama shati lililovaliwa ndani nje: aliyetangaza kulia na akajipanga kulia, mpite kushoto. Alichokifanya pale Kitogani ndicho alichofundishwa akiwa na miaka kumi na minane, na alikifanya vizuri, kwa kugeuza pande bila kukosea. Watu wengi hudhani tabu ya wageni ni upande wa barabara. Wiki mbili tatu, mkono unazoea, na hata wipa hawaiwashi tena wakitaka indiketa. Tabu inayobaki ni kwamba taa ni zile zile na maneno yake ni mengine.

Hebu fikiri indiketa ya kulia peke yake huku kwetu. Inasema nakata kulia. Inasema natoka pembeni naingia barabarani. Inasema nakwepa shimo, baiskeli au mama na mtoto. Inasema usipite, kuna gari inakuja. Na usiku kuna madereva wa magari makubwa wanaoiwasha kumwonesha anayekuja mbele mwisho wa bodi yao uko wapi. Maana tano ndani ya balbu moja, na sisi tunazitenganisha kwa kuangalia mahali, mwendo, mzigo, saa, na hata nani anaendesha. Hatukumbuki tulijifunza lini. Tulijifunza tukiwa watoto, tumesimama nyuma ya chai maharage, zile gari za abiria za zamani, tunashika bomba.

Taa za mbele nazo ni vivyo hivyo. Mama aliniambia kwamba kwao akiwashiwa taa kubwa mara moja kwenye njia nyembamba, mara nyingi maana yake ni karibu, pita wewe. Huku anayekuwashia taa kubwa kwenye njia nyembamba anasema nakuja, usitoke, au anakupa habari kwamba kuna trafiki mbele. Hazadi, yaani indiketa zote kuwaka pamoja, kwenye njia panda kwa wengi wetu ni naenda moja kwa moja. Kwake ni gari mbovu. Matawi mabichi yaliyolazwa barabarani ni kiakisi chetu cha hatari, gari limeharibika baada ya kona. Mara ya kwanza alipoyaona alidhani ni upepo umeangusha mti, akayapita kwa mwendo ule ule.

Na honi. Hapa nataka nikae kidogo, maana ndiyo sehemu iliyomwuma zaidi.

Siku ya nne baada ya ajali, bibi mwenye nyumba anayompangisha alimwambia: "Mwanangu, twende tukamwone mgonjwa." Si kwenda kulipa wala kwenda kujitetea, kwenda kumwona tu. Wakachukua sukari, mchele na tende, nami nikafuatana nao nisaidie lugha. Mzee alikuwa amekaa uani kwenye kitanda cha kamba, mkono umefungwa kifuani. Mama akamwamkia, "Shikamoo mzee," akaitikiwa marahaba. Akaomba radhi kwa Kiswahili alichokuwa amejifunza njia nzima. Mzee akampokea, akamkalisha, kisha akamwuliza kwa upole kabisa: "Mbona hukunipigia honi?"

Nikatafsiri. Mama akanyamaza. Baadaye akaeleza kwamba aliona kumpigia honi mtu mzima aliye kwenye baiskeli ni kumfukuza njiani, ni ukosefu wa adabu. Kwao kumpigia mtu honi ni kumgombeza. Wakati akiipita kenta alimwona mzee kwa nukta moja, na mkono ulikuwa karibu na honi, lakini mazoea yake yakamzuia, akakimbilia breki. Kwa mwendo wa kilometa 50 kwa saa gari inakwenda kama mita 14 kila sekunde. Hiyo sekunde moja ya kuamua ndiyo iliyomaliza nafasi yote aliyokuwa nayo.

Mzee akasema yeye sikio lake ndilo kioo chake cha nyuma. Akisikia pi pi ndogo anashuka kwenye majani bila kugeuka, robota na yote. Alisikia kenta ikipunguza nyuma yake, akajua imemwona, akaendelea kukanyaga pedeli kwa amani. Gari ya pili hakuisikia kabisa. Kwake, gari isiyopiga honi haipo.

Nimefundisha udereva miaka mingi na sijawahi kusikia mtu akiueleza usalama wa barabara za shamba vizuri kama mzee yule kwenye kitanda cha kamba.

Kuna dakika chache za siku ya ajali ambazo sijazitaja. Baada ya kugonga, mama alisimama hatua hamsini mbele. Akafunga vioo, akabonyeza kufuli za milango yote. Wageni wenzake walikuwa wamemwonya kwamba ukigonga mtu Afrika usishuke, watu watakupiga, nenda kituo cha polisi moja kwa moja. Onyo hilo sitalifanyia mzaha, maana sote tunajua kwamba yapo mahali hasira za watu zimewahi kumwaga damu. Lakini kwao, anayemkimbia majeruhi anashitakiwa. Akabaki katikati: hakukimbia, hakushuka.

Watu wakatoka kwenye nyumba za karibu na vibandani. Wakaizunguka Escudo, wakagonga vioo kwa viganja, wanapiga kelele. Yeye ndani anatetemeka, na katika kelele zile akatambua neno moja alilolijua: fungua. Kilichokuwa kikisemwa ni "Fungua, tumpeleke mzee!" Gari yake ndiyo iliyokuwa ya karibu yenye kiti cha nyuma. Kenta isingeweza kumlaza mtu mwenye mtulinga uliovunjika juu ya matofali.

Ndani ya buti la Escudo kulikuwa na mfuko wa huduma ya kwanza, pembetatu ya hatari na fulana ya kung'aa. Vyote vitatu ni lazima kwenye gari Ujerumani, na alikuja navyo kwa sababu hawezi kuendesha bila hivyo. Katika umati ule wote, mtu pekee aliyesomea namna ya kumfunga mzee mkono alikuwa yeye, na alikuwa amejifungia. Aliniambia zilikuwa dakika tatu au nne. Utingo anasema kumi. Aliyemfanya afungue ni mama mmoja wa makamo aliyewasukuma vijana kando, akasimama dirishani, akaweka mkono kifuani, akamwambia polepole, "Shuka, mwanangu. Hakuna atakayekugusa." Hakuelewa maneno yote. Alielewa mkono kifuani.

Akashuka, akafungua buti, akamfunga mzee bega kwa kitambaa cha pembe tatu kama alivyofundishwa. Vijana waliokuwa wakipiga kioo ndio walioshika taa za simu amulikiwe. Sheha, kiongozi wa mtaa, alifika, trafiki wakafika, mzee akapelekwa hospitali kwa Noah iliyokuwa inakuja upande wa pili, ile ile ambayo dereva wa kenta alikuwa akiitolea onyo. Adhana ilikuwa imeshaadhiniwa. Mtu akaleta tende na maji, wakafuturu palepale ukingoni mwa lami, na yeye wakampa.

Kwa upande wa sheria yaliyobaki ni mafupi. Trafiki walipima, wakachora, wakaandika maelezo, na kosa likamwangukia yeye: kupita upande usiofaa bila kuona mbele. Alilikubali. Fomu ya polisi, PF3, ilitoka usiku ule ule kwa ajili ya matibabu. Bima yake ilikuwa ndogo, na bima ndogo ndiyo hasa inayomgusa mtu wa nje, kwa hiyo mzee hakuachwa. Baiskeli alimnunulia mpya kwa hiari yake.

Mimi nakubaliana na trafiki, kwa sababu hii: hakuwa anaona mbele ya kenta. Hata kama ingekuwa kweli inakata kulia, upande wa kushoto wa gari linalozuia macho ni chumba cha giza, na huingii chumba cha giza kwa mwendo wa mita 14 kwa sekunde. Sheria ya kwao nayo isingemtetea hapo, maana inamtaka anayempita mwenye baiskeli nje ya mji aache nafasi ya mita mbili kamili, na kati ya kenta na majani hapakuwa na mita mbili. Alikuwa na dalili zote za kumwambia mbele kuna jambo. Akazichagua zile zilizolingana na alichotarajia.

Lakini sitalimaliza hapo, kwa kuwa nusu ya jambo hili ni letu. Tumeunda lugha nzima ya taa na mikono isiyoandikwa popote, tunaiheshimu kuliko iliyoandikwa, na tunampa mgeni kibali cha kuendesha bila kumwambia neno moja la lugha hiyo. Kibali chake cha kwanza, alipokuwa bado mtalii, alishughulikiwa na aliyemkodisha gari. Aliletewa karatasi pamoja na ufunguo. Hakuna aliyekaa naye hata robo saa. Na mimi nilipompa masomo matatu ya kuzoea kushoto, nilimpitisha kwenye vipilefti vya mjini na kumfundisha kumpisha anayetoka kulia, nikaridhika. Indiketa ya usipite sikuitaja. Haikunijia akilini kwamba ni kitu cha kufundishwa.

Sasa mgeni akija kwangu, siku ya kwanza hashiki usukani. Tunapanda dala dala ya 309, kiti cha mbele pamoja na dereva kikipatikana, kutoka mjini mpaka Jambiani. Kila taa inayowaka mbele yetu anitajie kwa sauti anadhani inasema nini, kisha dereva, si mimi, amwambie ilikuwa inasema nini. Madereva wanaipenda kazi hiyo kuliko nilivyotarajia. Tukifika Mwanakwerekwe mgeni huwa ameshakosea mara sita. Tukipita Jozani ameanza kupatia, na ameanza kusema neno ninalolitaka zaidi: "Hii sijui." Akisema sijui, namwuliza, basi unafanya nini? Jibu ni moja, unabaki nyuma. Kurudi anaendesha yeye gari yangu, na kazi yake kubwa ni honi: pi ndogo, ya salamu, kabla hajafika, kwa kila baiskeli na kila kundi la watoto wa skuli. Wajerumani na Waingereza huwa wanaona haya mpaka wamwone mzee wa kwanza akiinua mkono kushukuru.

Aliyebaki ni dereva wa kenta. Huyu hakushitakiwa kwa lolote na wala sisemi angeshitakiwa. Lakini hakulala vizuri, na alinitafuta mwenyewe, akanikuta barazani baada ya tarawehe. Akaniambia: "Mwalimu, mimi nimempa taa. Nisingempa, akatoka kulia akavaana na Noah uso kwa uso, damu ya nani?"

Sikuweza kumjibu papo hapo, maana mimi ndiye ninayewafundisha vijana taa hiyo hiyo, nikiamini ni wema barabarani. Tuliirudia ajali mara nyingi tukitumia vikombe vya kahawa: kikombe cha kenta, cha Escudo, kokwa ya tende ndiyo baiskeli. Kila tulipoiondoa indiketa na kuiacha kenta ipunguze tu mwendo, iwashe taa za breki, ikae nyuma ya baiskeli kwenye njia yake mpaka Noah ipite, ndipo impite mzee, Escudo ilibaki nyuma, haina pa kupenya kushoto wala kulia. Dereva akavitazama vikombe. Akasema, "Lakini hapo ningechelewa." Nikamwuliza kwa muda gani. Akahesabu kwa vidole, akasema labda sekunde kumi na tano.

Akakisogeza kikombe cha kenta mwenyewe, taratibu, nyuma ya kokwa, akakiacha pale.

Kwa wanafunzi wangu sasa indiketa ni ya kukata njia, kuhama na kutoka pembeni. Kumwambia wa nyuma usipite, nimeiondoa kwenye masomo. Wengine wanalalamika kwamba nawafundisha kuendesha kama watu wa Ulaya, na bado barabarani wataikuta kila siku, kwa hiyo maana yake nawafundisha waisome, kuiandika siwafundishi. Dereva wa kenta anasema anajitahidi, ila mkono unakwenda wenyewe.

Mama yuko Jambiani bado, anaendesha. Mtulinga wa mzee umeunga, bega linamwuma wakati wa baridi, na majani ya ng'ombe sasa anabebewa na mjukuu kwenye ile baiskeli mpya.